Makofi ya Mama Vifungo

Tangu paa la soko lianguke, Mama Vifungo alikuwa anashona kwa mkono. Cherehani yake ilivutwa kutoka chini ya mabati ikiwa imepinda shingo, na gurudumu halikuonekana tena. Vidole vyake vilikuwa vimetoboka kama kichujio. Asubuhi hiyo, kwenye benchi la ukumbi wa halmashauri, alivificha ndani ya mtandio, vikiwa vimeshika kipande cha karatasi ya kukatia mitindo. Kwa penseli alikuwa ameandika: Nani alisaini soko lifunguliwe?

"Usiongeze hata neno," alimnong'oneza jirani yake wa kibanda, muuza mitumba ambaye soko zima lilimwita Redio. "Ukiongeza, mwenyekiti atalidaka hilo la nyongeza, swali lako aliache linaning'inia."

Mama Vifungo aliitikia kwa kichwa.

Watu wanne walikufa siku ile. Mdogo wake, mlinzi wa soko, alikuwa na mwezi wa tatu mahabusu kwa kuwa yeye ndiye aliyefungua geti. Kwamba wiki moja kabla alikwenda mwenyewe ofisini kusema nguzo ya kati imeachia, hilo halikuandikwa popote. Geti lilifungwa siku mbili. Siku ya tatu akaja mtu na barua yenye saini na muhuri, akamsomea: fungua. Barua ikarudi kwenye faili, naye akafungua. Mpelelezi alimwambia dada mtu waziwazi, "Jina likitajwa kikaoni, likaingia kwenye daftari, nitapata pa kuanzia. Lisipotajwa, Jumatatu mdogo wako anasomewa shtaka la vifo vinne."

Siku ya wananchi huja mara moja kila miezi mitatu. Mtu mmoja, swali moja. Swali likishagongwa muhuri wa kujibiwa, halirudi tena mpaka mwaka uishe.

"Namba kumi na nne!"

Alisimama, akasoma. Sauti ilitoka nyembamba lakini ilitoka yote.

Mwenyekiti alivua miwani. Alikuwa mtu wa uso mwema, wa kukuuliza habari za watoto hata kama huna.

"Ahsante sana, mama yangu. Swali zuri, tena la kizalendo. Niseme hivi: suala hili tumelipokea kwa uzito wake. Hatujalala. Kamati imeundwa, na kamati ndogo ya kuisaidia kamati. Yapo mapungufu yaliyojitokeza, na mapungufu hayo yanafanyiwa kazi. Lakini tujiulize na sisi: soko ni la nani? Si letu sote? Basi na paa ni letu sote!"

Makofi.

"Mheshimiwa," alisema Mama Vifungo, "mimi naomba jina tu."

"Jina!" Mwenyekiti alicheka taratibu, kama anayemcheka mtoto wake mwenyewe. "Mama, tukianza kutajana majina, tutajenga lini? Hebu ndugu zangu, mpigieni makofi mama huyu. Wangapi wangethubutu? Geuka, mama, wakuone. Huyu ni shujaa!"

Ukumbi mzima ulimpigia. Waliokuwa nyuma walisimama. Naye, kwa mazoea ya siku zote, ya harusini na kwenye vikao vya wazazi, kwamba ukipigiwa nawe unapiga kurudisha shukrani usije ukaonekana una maringo, alitoa mikono ndani ya mtandio akapiga. Mara tatu, nne. Vidole viliuma.

Mezani, karani aliinama akaandika. Kisha akagonga muhuri.

"Namba kumi na tano!"

Mama Vifungo aliifuata meza ile karibu akimbie. "Binti yangu, mbona umegonga? Sijajibiwa."

"Umepiga makofi, mama." Karani aligeuza daftari amwonyeshe. "Nimeandika: muulizaji aliridhika."

"Nimepiga kwa heshima tu!"

"Daftari halina safu ya heshima."

"Basi kata."

"Muhuri haukatwi. Njoo mwakani." Karani alitazama kulia na kushoto, akashusha sauti. "Mama, jina hata mimi nalijua. Nusu ya ukumbi huu inalijua. Nenda nyumbani."

Nje jua lilikuwa kali. Walitembea kimya hadi barabarani, na Redio kukaa kimya ni habari ya kutangazwa.

"Lakini tusiwe wabaya, shoga," alisema hatimaye. "Ameongea vizuri."

"Kasema nini?"

Redio, ambaye angeweza kukurudishia ugomvi wa mke na mume wa juzi neno kwa neno, hadi nani alipiga mlango, alifikiri hatua kama kumi hivi.

"Sijui," alisema. "Ila vizuri."

Saa tisa Mama Vifungo alikuwa mahabusu, mbele ya wavu. Mdogo wake alikuja amekonda, shati limefungwa kwa kifungo kimoja. Yeye, Mama Vifungo, wiki iliyopita hakuwa ameona kwamba vingine vimekatika.

"Dada! Wamemtaja?"

Aliyapanga njiani maneno ya kumwambia. Alikuwa nayo yote. Akautazama mkono uliokuwa umeshika wavu, na mdomo wake ukafunguka wenyewe.

"Wamelipokea," alisema. "Kwa uzito wake. Kuna kamati. Linafanyiwa kazi."

Uso wa mdogo wake ulikunjuka kama nguo iliyopigwa pasi. Akageuka nyuma, kwenye chumba chenye watu arobaini na dirisha moja.

"Jamani! Suala langu linafanyiwa kazi!"

Mtu mmoja alianza kupiga makofi kutoka pembeni, kwenye giza. Mwingine akafuata, kisha chumba kizima. Naye mdogo wake akauachia wavu, akapiga pia, kurudisha shukrani.