Kitufe cha Kilimani

"Simamisha hapo kilimani, we Lyle," Mama mkubwa Nola alisema. "Kibofu changu hakifiki Jabiru. Na nataka kuwaona bata bukini."

Barabara nzima tangu Darwin, hapo ndipo mahali pekee nilipokuwa naomba apapitie amesinzia.

Kwetu, sisi wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Australia, mtu akifa jina lake halitajwi na sauti yake haisikilizwi mpaka wazee waseme basi. Ukimwita hatulii, hapati njia ya kurudi kwao. Na kule juu, kwenye kituo cha wageni kinachotazama bwawa, kulikuwa na kitufe. Ukikibonyeza, baba yangu mkubwa, mume wa huyu mama, alikusimulia kwa sauti iliyorekodiwa jinsi bata wanavyojenga viota majini. Tulipomzika, ukoo ulinituma mimi niwapigie simu watu wa kituo wakizime, eti ndiye ninayejua kuongea na watu wa ofisi. Nilipiga, haikupokelewa, nikaacha. Mama mkubwa aliponiuliza nikamjibu, "Tayari." Uvivu mtupu, na uongo wa kuufunika.

"Mbona umenyamaza? Na wewe umebanwa?" alinicheka.

Choo kiko chini, karibu na maegesho. Alipoingia tu nikapanda ngazi mbio. Mtalii mmoja mwenye kofia pana alikuwa ameshanyoosha kidole kwenye kitufe. Nikajitupa mbele yake, mgongo ukutani.

"Samahani, kimeharibika."

"Kimeharibika wapi? Nimetoka kukisikiliza sasa hivi. Nataka mke wangu naye asikie."

Nikamgeukia binti wa mapokezi. "Dada, chomoa waya wa hiki kitufe, tafadhali. Tuna msiba. Mjane wa huyu mzee anapanda ngazi." Binti wa watu hakuuliza mara mbili. Akapiga magoti, akapapasa nyuma ya kabati, akachomoa.

Mama mkubwa akatokea akihema, akaenda moja kwa moja dirishani. Bwawa lilikuwa limejaa bata mpaka maji hayaonekani. Akatabasamu. Nikajiona nimepona, tena nikaanza kujipongeza, mjinga mimi.

"Bibi, umekosa uhondo," yule mtalii akamwambia. "Kuna mzee hapo anachekesha kweli. Kila tukipita njia hii lazima tumsikilize. Leo wamemzima."

Mama mkubwa akanigeukia mimi.

"Hukupiga."

"Nilipiga, Mama, hawakupokea. Sikurudia."

Akakaa kwenye benchi taratibu, mkono gotini.

"Nimefukiza nyumba moshi ili aende zake, mpaka mapazia yamekuwa meusi," alisema. "Bado nakisikia kikohozi chake jikoni. Mawifi wakaniambia ni mimi, namng'ang'ania kwa kulia, nimwachie aende. Nikaacha kulia, Lyle. Hata nikiwa peke yangu, najibana." Akaelekeza kidevu kwenye kitufe. "Kumbe walikuwa wanamwita hapa, kila siku."

Nilitamani anitukane. Angenitukana ningepata nafuu kidogo.

Alishuka nje, akavunja tawi la majani mabichi, akarudi nalo. Akaupangusa ule ukuta kuanzia juu mpaka chini, akisema maneno ya kwao kwa sauti ndogo, na watalii wakampisha. Kisha akashuka ngazi akiliburuta tawi, pole pole, kama anayemwongoza mtu, mpaka kwenye gari. Akafungua mlango wa mbele, akaliweka tawi kwenye kiti alichokuwa amekalia yeye. Mwenyewe akaingia nyuma.

"Mama, nisamehe."

"Usiniombe mimi. Na usikimbize gari, hakupenda."

Nikaliondoa gari. Nilitaka kumwomba baba mkubwa radhi, lakini ningeanzaje, na jina lake haliruhusiwi kutajwa? Niliendesha bila kuthubutu kutazama kushoto. Tulipofika chini ya kilima, nyuma yangu, Mama mkubwa alianza kulia kwa sauti.