Mzunguko wa Tatu wa Tessa

Sheria inasema mtoto haruhusiwi kurusha ndege peke yake mpaka atimize miaka kumi na sita. Haisemi lazima aruke siku hiyohiyo. Hilo walijitungia wenyewe watu wa uwanja mmoja mdogo wa ndege huko Nebraska, na ole wake mwalimu atakayewaharibia sherehe.

Mwalimu mwenyewe alikuwa Verlin Stasny. Kila Jumamosi alifundisha vijana wa mji urubani, bure, ndani ya banda la ndege. Siku Tessa Kovarik alipotimiza kumi na sita, nusu ya mji ilifika na viti vya kukunja. Ardith, bibi yake Tessa, alileta sinia la kolache, vile vikeki vya plamu. Verlin alikula huku macho yake yako magharibi, ambako mawingu yalikuwa yamejikusanya, meusi tii upande wa chini. Moyo ulimwambia amzuie yule binti. Lakini watu wote wale, na keki zao!

"Mwalimu, mbona umenuna? Wivu, au?" jirani yake Gus alimchokoza. "Wewe mara ya kwanza uliruka ukiwa tayari na ndevu."

"Nenda kale keki huko, Gus." Verlin akamgeukia Tessa. "Mizunguko mitatu, kila mmoja unatua, basi. Huko juu rubani ni wewe. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mwalimu."

Mzunguko wa kwanza ulipigiwa makofi. Wa pili pia. Tessa alipokuwa anapaa mara ya tatu, mfuko wa kuonyesha upepo ukalegea mlingotini, ukaning'inia. Watu wakainuka vitini. Ni wakulima, wanaujua utulivu wa namna ile na wanauogopa. Kisha mfuko ukajaa tena, ukiwa umegeukia upande mwingine kabisa, na kule mashambani vumbi likainuka kama ukuta, likaanza kuja.

Verlin alinyakua redio. "Tessa, tua sasa hivi! Kata kona, uje moja kwa moja!"

Sauti ndogo ikajibu, "Hapana, Mwalimu. Vumbi litanitangulia. Naenda mashariki, natua uwanja wa Brandt."

"Tua, nimesema!"

"Hapana."

Ndege ikawapa mkia. Ilikuwa haijapotea machoni dhoruba ilipofika. Ilivingirisha viti, ikaezua mabati ya banda, ikaibinua chali ndege nyingine iliyokuwa imefungwa kwa kamba pale nje. Ndani ya banda Ardith alimkaba Verlin ukosi wa shati.

"Mjukuu wangu yuko wapi? Verlin, si nakuuliza!"

Verlin hakujua. Aliita na kuita redioni mpaka sauti ikamkauka, wala hakujibiwa. Hakuna aliyethubutu kumsogelea, hata Gus.

Mvua ilikuwa imeanza kupungua simu ya Ardith ilipoita. Bibi alisikiliza, akaangua kilio, akacheka, kisha akamsukumia Verlin simu kifuani.

"Umefika, mwanangu?" Verlin alisema. "Ulifanya vizuri kunikatalia. Vizuri sana."

"Mwalimu." Tessa alikuwa analia. "Uliyaona yale mawingu kabla sijapanda. Nilikuona ukiyaangalia. Na mimi nikajiambia, kungekuwa na hatari, Mwalimu angenizuia."

Watu wote walikuwa wanamtazama, wakingoja aseme neno la furaha.

"Niliyaona," Verlin alisema.