Ndama wa Hirola Zizini kwa Ahmednoor

Kaltuma alimkuta ndama zizini, katikati ya vitoto vya mbuzi, akinyonya kidole cha mzee Ahmednoor. Hakuwa wa ng'ombe. Alikuwa na rangi ya mchanga, miguu kama fito, na weupe umelizunguka jicho kana kwamba kavaa miwani. Alikuwa hirola, aina ya swala, na duniani kote hirola hawafiki mia tano. Kaltuma, skauti wa hifadhi ya wanyamapori ya jamii ng'ambo ya mashariki ya mto Tana, alikuwa hajawahi kumwona mchanga kiasi hiki, hata kitovu hakijakauka.

Mzee alieleza kwa fahari. Alfajiri alimkuta amelala nyasini peke yake, mama haonekani, na mfugaji hamwachi yatima akaliwa na fisi. Akamtia begani, akamleta nyumbani.

"Adeer," Kaltuma alisema, akimwita ami kwa Kisomali, "huyu si yatima. Hirola akizaa hujitenga na kundi. Humficha mwanawe nyasini, akaenda kula, akarudi kumnyonyesha. Umemwiba."

Mzee alichomoa kidole kinywani mwa ndama.

Ilikuwa saa tatu. Mama angemtafuta mwanawe kwa muda, kisha angerudi kundini. Kwa muda gani, Kaltuma hakujua, na hakupenda kukisia. Ndama asiponyonya siku ile, angekufa, hilo alilijua.

Hudson, Mpokomo wa Garsen aliyemleta Kaltuma kwa pikipiki, alikuwa ameshaiwasha. Wakapanda watatu, mzee katikati, ndama amefungwa kifuani pake kwa shuka.

"Mzee, mshike vizuri," Hudson alisema. "Polisi wakitusimamisha, huyo ni mjukuu wako."

"Kwa uzuri wa uso anakushinda wewe," mzee akajibu.

Pikipiki iliruka mashimo ya udongo mweusi, miiba ikawachana mikono, ngiri wakawakatiza njia, mkia juu. Hakuna aliyeomba mwendo upunguzwe. Penye kichuguu kirefu mzee akamgonga Hudson begani: hapa.

Nyasi zilikuwa zingali zimelala umbo la ndama. Kaltuma aliinama. Nyayo za kwato zilizunguka pale mara mbili, kingo zake kali, upepo haujazigusa. Mama alikuwa amekuja, akakuta patupu. Labda hakuwa mbali.

"Lakini ndama ananuka mbuzi na moshi," Hudson alisema. "Atamkataa."

Mzee akachuchumaa. Aliokota kinyesi cha yule jike, kingali kibichi, akakichanganya na udongo wa pale pale, akampaka ndama mgongoni na kichwani, kama wafugaji wafanyavyo ng'ombe anapomkana mwanawe. Kaltuma hakuwa amesoma popote kwamba dawa hiyo humfaa hirola. Ila hirola naye humjua mwanawe kwa harufu. Hoja ilikuwa na mashiko. Akapiga magoti, akapaka shingo.

Walirudi nyuma hatua mia mbili, upepo ukiwajia usoni, wakalala kifudifudi. Dakika ishirini zikapita. Ndama akalia mara moja.

Kichaka kikafunguka, jike akatoka mbio. Alimfikia ndama, akamnusa shingo, akaruka nyuma. Akaondoka hatua tano. Kaltuma aliuma mkono wa shati lake. Ndama akainuka akitetemeka, akamfuata, akaingiza kichwa chini ya tumbo. Jike akageuza shingo, akamnusa mgongo, akamnusa tena. Akatulia. Kimkia kikaanza kucheza.

"Ananyonya," Kaltuma alinong'ona. Akarudia mara ya pili, na ya tatu, na Hudson akambana kiwiko anyamaze, huku mwenyewe akicheka bila sauti.

Wakatambaa hadi kwenye pikipiki. Mzee akawapigia simu wanawe: wavunje kambi leo, wahamishe mbuzi na ng'ombe wote kusini. Kaltuma akamkumbusha kwamba kusini hakuna malisho kama haya.

"Hapa pana mzazi aliyetoka kujifungua," mzee alisema. "Wewe ungelisha mifugo mlangoni kwa mzazi?"