Kaya Moja, Mkono Mmoja

Mwaka jana, wakati wa masika, mamba alimchukua binti yangu Debora akichota maji Mto Mara. Kilichorudi ni kanga yake tu, ndiyo tukaizika.

Mwaka huu tukaletewa mradi wa kisima. Kimoja tu, kijiji kizima. Nikasema afadhali, watoto wataacha kwenda mtoni. Lakini wanaume wakataka kichimbwe kule kwenye josho la ng'ombe, mbali kuliko hata mto wenyewe. Na anayechotaga maji ni nani? Nimewahi kumwona mwanaume na ndoo kichwani? Thubutu.

Nikazunguka mashamba ya mihogo kuwaomba wenzangu tudai kichimbwe karibu na nyumba. Tunapalilia huku kila mmoja ananiambia, "Mama Debora, tuko pamoja." Jirani yangu Getruda hata alilia.

Siku ya mkutano wanaume walikaa kwenye mabenchi, sisi chini kwenye nyasi kama tunavyokaaga. Nikasimama nikasema yote. Nikamtaja mwanangu. Nikajua maneno yamewaingia. Ndipo Mwandu, mwenyekiti wetu, akasema, "Tupige kura. Kaya moja, mkono mmoja, tusicheleweshane. Wanaotaka kisima joshoni, mikono juu."

Mikono ya mabenchini ikapanda. Nikamtazama mume wangu Machage, baba yake Debora. Naye akaunyoosha wake, macho chini.

"Wanaotaka majumbani?"

Nikanyoosha mimi na wajane wawili. Getruda alikuwa anang'oa nyasi, hataki kuniangalia. Mwandu akaniambia kwa upole, "Mama, shusha. Kaya yako imeshapiga." Sikushusha. Akahesabu wajane, mimi akaniruka.

Njiani Machage akasema, "Ng'ombe wakifa tutakula nini? Na mimi nilimpenda yule mtoto." Najua alimpenda. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Tulipofika nyumbani akakaa mlangoni, akaomba maji ya kunawa miguu. Maji yalikuwa yameisha. Robi, binti anayemfuata Debora, akainuka kuchukua ndoo, maana ndivyo tulivyomlea. Nikamnyang'anya, nikaiweka mbele ya baba yake.

"Nenda wewe," nikamwambia.

Aliitazama ile ndoo. Kisha akamgeukia Robi.

"Msindikize mama yako," akasema. "Asiende peke yake."