Wimbo wa Kihindi Dukani Mpofi

Mwaka 1966, maharage yalipokwisha kuvunwa, Papa Séraphin aliteremka kutoka kijiji chake cha Muheto kwenda Mpofi, chini msituni, kumwona binti yake Sophie, aliyekuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Séraphin alikuwa mkulima wa milimani, mtu wa maneno machache. Tangu mkewe afariki, hata hayo machache yalipungua.

Mume wa Sophie, Mbusa, alikuwa mfanyabiashara kutoka mji wa Butembo. Dukani kwake, kati ya vitenge na magunia ya chumvi, palikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Aliinunua mjini Kasese, ng'ambo ya mpaka, kwa Mhindi mmoja, pamoja na santuri za nyimbo za filamu za kwao. Mpofi nzima hakuna aliyejua neno la Kihindi, lakini kila alasiri watu walikuja kusikiliza.

Séraphin aliingia akakuta wimbo wa watu wawili. Mwanaume anaimba, mwanamke anamjibu. Akavua kofia.

“Rudilia,” alimwambia mkwewe ulipokwisha. Kisha tena, “Rudilia.”

Kando yake alikaa Mama Dorothée, mjane aliyeuza mawese sokoni. Akacheka.

“Papa, uko unasikia Kihindi?”

“Hapana. Lakini huyu bwana, bibi yake iko mbali.”

“Iko karibu! Njo maana anaimba polepole. Muntu wa mbali unamuita kwa nguvu.”

Séraphin alivaa kofia yake, akaondoka akiwaza. Kesho yake alirudi na jibu, wakabishana mpaka Mbusa akafunga duka.

Safari ya juma moja ikawa mwezi. Sophie alidhani baba anapenda muziki tu.

“Muziki?” Mbusa akamwambia. “Muangalie muzuri wakati Mama Dorothée anachelewa.”

Sophie alimwangalia, na moyo ukamuuma. Jioni hiyo, akimpa baba chakula, alishindwa kujizuia.

“Papa, na Mama je?”

Mzee alirudisha tonge sahanini. “Mama yako njo anakuya kila wimbo ikianza. Ananiuma hapa. Lakini ikifika katikati, pale mwanamuke anajibu, naona kama ananiambia, ‘Séraphin, inatosha, simama.’ Siyue sababu gani. Sisikie hata neno moja.”

Sophie akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, akamwongezea samaki.

Siku chache baadaye sindano ya gramafoni ikavunjika. Mbusa alitafuta nyingine kila mahali, akakosa. Nyingine ingepatikana Kasese tu. Watu wakaanza kuinuka.

Ndipo Séraphin akaanza kuimba. Sauti yake ilikwaruza, na maneno hayakuwa Kihindi wala lugha yoyote, ni milio aliyoikariri kwa kusikia. Duka zima likacheka. Masikio yalimwaka moto, lakini aliendelea hadi mwisho wa sehemu ya mwanaume, akanyamaza.

Mama Dorothée akaweka chini chupa zake za mawese. Akajibu sehemu ya mwanamke, polepole, akimtazama usoni.

Hakuna aliyecheka tena. Mwanamke mmoja mlangoni alisema, “Yesu wangu,” basi.

Walipomaliza, Séraphin alikohoa. “Muheto iko baridi. Utaweza?”

“Utanipa blanketi, ao utaniimbia tu?”

“Vyote mbili.”

Sophie ndiye aliyepiga vigelegele vya kwanza.

Padri aliwafungisha ndoa kabla ya Krismasi, na Mbusa akawapeleka hadi Muheto kwa lori lake. Dorothée, aliyezoea joto la msituni, alitetemeka miezi miwili, akazoea. Alikuta majirani wanapika maharage bila mawese, akawafundisha. Nao walimfundisha kupanda kwenye mteremko bila kuteleza.

Wanawake wa Muheto waliposikia wawili hao wakiimba wimbo ule shambani, waliuliza unasema nini. Dorothée aliwaambia hajui. Basi wakautia maneno yao wenyewe ya Kihunde, juu ya msichana anayemsubiri kijana arudi na ng'ombe kutoka malisho ya Burungu. Msimu uliofuata waliuimba wakipalilia, na wasichana wadogo walidhani ulikuwa wimbo wa bibi zao tangu zamani.