Maneno ya Mshiriki wa Tisa

Profesa wa saikolojia alichagua wanafunzi watatu tu, kati ya arobaini, wamsaidie katika utafiti wake kuhusu watoto waliolelewa mbali na wazazi. Mmoja alikuwa binti wa fundi cherehani, ambaye wenzake walimbandika jina la Mdadisi kwa kupenda kwake kuuliza. Mama yake aliposikia habari ile aliliacha gauni la mteja chini ya sindano, akapiga kigelegele peke yake chumbani.

Kazi ilikuwa kuhoji watu na kuandika rekodi zao neno kwa neno. Lakini kwanza profesa alimwita Mdadisi ofisini, akafunga mlango.

"Huwezi kumfungua mtu kama hujui inavyouma kufunguliwa," alisema. "Leo nakuhoji wewe. Ni mazoezi tu, mwanangu. Yataishia humu humu."

Kinasa sauti kilikuwa mezani, kimewashwa. Mdadisi alikiona. Ila mtu mzima akishakuita mwanangu, unamkatalia vipi? Akasema ambayo hakuwahi kumwambia mtu: kwamba alipokuwa na miaka sita mama yake alimwacha kwa shangazi, akaenda kutafuta kazi mbali, akarudi baada ya miaka minne na begi la kijani. "Namwita mama mdomoni," alisema huku akilia. "Moyoni bado ni yule mgeni wa begi la kijani."

Profesa alimpa kitambaa, akamsifu kwa ujasiri.

Siku ya kuwasilisha matokeo, Mdadisi alimleta mama yake, akamkalisha safu ya pili. Mama alikuwa amejishonea gauni jipya kwa ajili ya siku hiyo. Profesa alizungumza, akaonyesha majedwali, kisha yakatokea ukutani maneno makubwa meusi.

"Msikilizeni mshiriki wa tisa," alisema, akayasoma polepole, mpaka kwenye begi.

Ukumbi uliguna kwa huruma. "Masikini mtoto wa watu," mtu alinong'ona. Mama hakuguna. Aliinamisha kichwa, akawa anaupapasa upindo wa gauni lake kana kwamba umefumuka.

Nje ya ukumbi alimuuliza binti yake swali moja. "Ni kweli?"

"Mama, mimi sikujua kama ata—"

"Nimekuuliza, ni kweli?"

Mama akaondoka bila yeye.

Mdadisi alirudi ndani, akamkuta profesa akikunja nyaya. "Uliniambia ni mazoezi!"

"Ulisaini fomu."

"Ya wasaidizi! Ya washiriki hukunipa."

"Jina lako halipo. Nani atajua?"

"Mama yangu alikuwa safu ya pili."

Profesa alivua miwani, akaipangusa. "Pole. Lakini hakuna maneno mazito kuliko yale katika utafiti wote. Na kumbuka, barua yako ya kuombea udhamini wa masomo naandika mimi."

Hapo ndipo Mdadisi alipoelewa kwamba tangu siku ile ya mlango kufungwa, hakuwahi kuwa mwanafunzi wa mtu. Alikuwa shamba la kuvunwa.

Wenzake wawili walimsihi ayameze. Alikataa, akapeleka malalamiko kwenye kamati ya maadili ya utafiti. Baada ya wiki tatu kamati iliamuru maneno yale yaondolewe na rekodi ifutwe. Profesa alipewa onyo, akaendelea kufundisha. Barua ya udhamini haikuandikwa.

Nyumbani, mama alikuwa akiitikia salamu tu, basi. Mdadisi alipomletea uamuzi wa kamati, aliusoma akiwa amesimama, akaurudisha.

"Huyo amekukosea, na umefanya vizuri kumshitaki," alisema. "Lakini mimi ungeniambia mwenyewe. Ningelia, ndiyo. Ila ningelia nyumbani kwangu."

"Nikuambie sasa?"

Mama alichukua mkasi. "Kesho. Leo siwezi. Njoo unishikie kitambaa hiki, kinateleza."

Mdadisi akashika ncha moja, mama akakata.