Jiko Zuri Sana

Kazi ya Raudha ilikuwa kuangalia watu wakipika. Alipowaeleza hivyo majirani zake wa Temeke, walicheka mpaka wakashika mbavu. "Unalipwa kwa umbeya?" mmoja akamuuliza. Lakini mwaka ule wa 1994 mashirika yalikuwa yanapunguza wafanyakazi kama mtu anayechambua mchele, na Raudha, mwalimu wa mapishi wa shirika lililokuwa linafungwa, alitupwa pamoja na chuya. Baada ya miezi mitano ya kuuza maandazi hakuwa na ubavu wa kuikataa kazi yoyote, hata ya umbeya. Kiwanda cha majiko cha Fanaka, pale Chang'ombe, kilimpa mkataba wa miezi mitatu na kadi iliyoandikwa "Mshauri wa Matumizi".

Aliyemwajiri ni Injinia Wilbert, meneja wa kiwanda. Injinia alikuwa amesoma Ulaya miaka minne, na miaka hiyo minne aliitaja kila siku, asubuhi na baada ya chakula. Alivaa tai kwenye joto la Machi. Jiko jipya la mafuta ya taa alilichora yeye mwenyewe, na kusema kweli lilipendeza: jekundu, miguu imara, tambi kumi na mbili. Majiko ya nje yalikuwa yamejaa madukani tangu milango ya biashara ifunguliwe, na yeye aliapa kuyafuta yote mjini.

Kabla Raudha hajaajiriwa, Injinia alikuwa ameshafanya utafiti wake. Utafiti wenyewe ulikuwa hivi: aliwaita wanawake kumi ukumbini kiwandani, akawapa soda na biskuti na doti ya khanga kila mmoja, akasimama mbele yao na tai yake, akauliza, "Mnalionaje jiko langu?" Wote kumi wakajibu, "Zuri sana." Akaandika kumi kwa kumi, akaifungia ile karatasi kwenye kabati la chuma kama cheti cha ndoa. Kila mwanamke alipewa jiko moja akatumie nyumbani. Kazi ya Raudha ilikuwa kuwapitia baada ya mwezi, akusanye sahihi zao kwenye fomu ya kulikubali jiko, kisha majiko elfu nne yaliyokuwa tayari stoo yatolewe kwa maonyesho ya Saba Saba.

Raudha alianza na Bi Zuena, mama wa makamo aliyekaa si mbali na kwake. Hakwenda na fomu mkononi. Alikwenda saa tano, wakati wa kupika, akavuta kigoda, akachukua kisu, akaanza kumenya vitunguu kama mtu wa nyumbani. Hakuuliza kitu. Bi Zuena alibandika sufuria ya mchuzi, na ulipoanza kuchemka akanyoosha mkono, bila hata kutazama, akageuza kishikio cha tambi kushoto ili apunguze moto. Moto ukapanda. Akaruka nyuma, akasonya, akageuza tena.

"Mkono wangu mjinga," akasema. "Mwezi mzima sasa, haujazoea."

Kwenye kifundo cha mkono huo mjinga palikuwa na kovu jipya, jekundu, refu kama kidole. Raudha alilitazama, akamuomba aruhusiwe kukigeuza kishikio mwenyewe. Majiko yote yaliyokuwa mjini, ya Mchina na ya fundi wa kichochoroni, ukigeuza kushoto tambi zinashuka. Hili la Injinia lilikwenda kinyume. Mshale wa kuelekeza ulikuwepo, tena wa rangi nyeupe, lakini aliuweka chini ya ukingo wa jiko, mahali ambapo mpishi ili auone sharti alale kifudifudi.

"Sasa Bi Zuena, mbona kule ukumbini ulisema zuri?"

Bi Zuena alimtazama kama mtu aliyekosa malezi. "Ulitaka niseme nini, mwanangu? Soda yake nimekunywa, khanga yake ninayo mapajani, halafu nimwambie mwanamume wa watu mbele ya kadamnasi kwamba jiko lake bovu? Sie hatukufundishwa hivyo."

Raudha alizizungukia nyumba zote kumi. Sita, moto ulimpandia mpishi mbele ya macho yake, na wote sita walijilaumu wenyewe. Tatu, jiko lilikuwa limeshageuzwa kigoda cha kuwekea ndoo ya maji. Nyumba ya kumi walimfichia, wakamwambia limeazimwa. Kila alipotoka walimsindikiza mpaka njiani na kumwomba amsalimie sana Injinia, wakimwombea na maisha marefu.

Aliandika kurasa tatu, akampelekea. Injinia alisoma ukurasa wa kwanza tu.

"Hawa wafundishwe," akasema. "Mtumiaji anatakiwa kuelimishwa. Kule nilikosoma, mtu akinunua kitu anasoma maelekezo."

"Kuna mama ameungua mkono, Injinia. Na wengine wanapika na mtoto mgongoni. Yakitoka elfu nne..."

"Mama huyo huyo alisema zuri sana. Ninayo karatasi. Wewe ni nani umpinge?" Akalegeza tai kidogo, akatabasamu lile tabasamu lake la kumwonea mtu huruma. "Dada Raudha, mama yangu mzazi anapikia jiko hili hili kila siku, huu mwezi wa pili. Hajalalamika hata mara moja. Ijumaa ijayo malori yanapakia. Nataka sahihi kumi mezani kwangu, la sivyo mkataba wako tutauongelea."

Raudha alikuwa na hasira na woga pamoja. Kurudi kwenye maandazi alikuogopa, asidanganye mtu. Lakini kovu la Bi Zuena lilikuwa limemganda machoni, na kichwa kile kilichovimba sifa za uongo alitamani akitie kwenye ndoo ya maji. Akasema kwa adabu zote:

"Basi Jumamosi nipeleke kwa mama nikamsalimie. Nataka kula chakula cha jiko lako. Ila nakuomba kitu kimoja: akipika, tukae jikoni, na wewe usiseme neno mpaka kiive."

Mgeni anayetaka kumsalimia mama yako hakataliwi. Injinia akakubali, tena kwa furaha, kwa sababu alishaona ushindi.

Mama yake, Ma Adelina, aliishi na mwanawe huko Mabibo. Alikuwa mwanamke wa Bukoba, mfupi, mchangamfu, na alimpokea Raudha kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, karibu. Leo mnakula ndizi."

Jiko jekundu lilikuwa katikati ya chumba cha kupikia cha uani, linang'aa. Raudha alikaa kwenye kigoda, Injinia akaletewa kiti. Ma Adelina alipowasha tu, harufu ya rangi mbichi ikajaa chumba kizima na moshi mweupe ukapanda kutoka kwenye miguu ya jiko. Raudha alijua maana yake. Jiko linalopikiwa kila siku kwa miezi miwili halichomi rangi. Lile lilikuwa linawashwa kwa mara ya kwanza tangu litoke kiwandani. Alimtupia jicho Injinia. Injinia alikuwa anapepea moshi kwa mkono na kutabasamu.

Ndizi zilibandikwa, maharage yakamwagwa juu yake, mafuta yakafuatia. Sufuria ikaanza kuchemka na kumwagika. Ma Adelina, huku anamwuliza Raudha habari za watoto, akapeleka mkono akageuza kushoto. Ndimi za moto zikatoka pande zote za sufuria. Akageuza kushoto zaidi. Zikapanda mpaka kwenye ukingo wa sufuria, zikashika pindo la khanga yake.

"Kinyume, mama! Geuza kinyume!" Injinia alipiga kelele, kiti kikaanguka.

Mama alichanganyikiwa, akaachia kishikio, akaisukuma sufuria kwa vidole vitupu. Ndizi zikamwagika sakafuni. Raudha alishavuta gunia lililokuwa limelowa kwenye pipa la maji, akalifunika jiko lote, kisha akalikanyaga pindo la khanga mpaka likazima. Ma Adelina alikuwa ametumbukiza vidole kwenye bakuli la maji, na machozi yanamtoka, na anatabasamu.

"Mama, umeumia?" Injinia alipiga magoti sakafuni, juu ya ndizi, na suruali yake ya Ulaya.

"Sijaumia. Ni uzee huu, mwanangu. Jiko lako zuri. Zuri sana."

Raudha alifungua mkoba, akatoa fomu na kalamu, akamnyooshea Injinia. Hakuwa na haja tena ya kuficha dharau yake.

"Mama amesema zuri sana. Andika."

Injinia aliishika kalamu. Alivitazama vidole vya mama yake ndani ya bakuli, vimeanza kuvimba malengelenge, akaitazama fomu. Hakuandika. Akaiweka kalamu chini, na kwa mara ya kwanza tangu Raudha amjue hakuitaja Ulaya.

"Mama," akasema mwishowe, "siku zote hizi ulikuwa unapikia nini?"

Ma Adelina aliinamisha macho kama msichana aliyefumaniwa. Kisha akaashiria kwa kidevu nyuma ya pipa la maji. Injinia akaenda, akalivuta jiko la zamani, jeusi kwa masizi, mguu mmoja umefungwa waya. Akachuchumaa mbele yake. Akageuza kishikio kushoto, tambi zikashuka. Akageuza kulia, zikapanda. Akarudia mara tatu, nne.

"Yote yanakwenda hivi?" akauliza.

"Yote," Raudha akamjibu.

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Mie nilikuandikia kurasa tatu," Raudha akasema, akaanza kuokota ndizi sakafuni.